Mzigo wa Nani?

Wauza nafaka wa pwani walikuwa na kibaba cha tele na kibaba cha mfuto, ilhali chombo kilikuwa kimoja. Cha tele, nafaka hupanda juu ya ukingo mpaka ianze kumwagika. Cha mfuto, muuzaji hupitisha kijiti juu ya ukingo na kilichozidi hurudi guniani. Mnunuzi aliyeuliza bei ya kibaba asiulize ni kipi, alikuwa hajauliza kitu bado. Mahali kipimo kinapoishia hapakuwa kwenye chombo. Palikuwa kwenye mkono wa mpimaji.

Kibaba hicho hunijia kila nikikesha mbele ya programu ya kufuatilia seva. Usiku mmoja skrini ilionyesha mzigo wa 40 kwenye mashine yenye prosesa nane, na papo hapo, mstari wa chini, prosesa zote nane zikawa karibu hazifanyi lolote. Mwenzangu wa zamu akasema, "Kaka, hii imelemewa." Nami nikamwambia haina kazi. Tukabishana kwa muda wa kikombe cha chai, kila mmoja akimwonyesha mwenziwe namba ya kweli. Kumbe diski iliyounganishwa kwa mtandao ilikuwa imekwama, na kazi kama arobaini zilikuwa zimejipanga zikiingoja.

Namba hiyo, wastani wa mzigo, ni kongwe kuliko mimi. Mfumo wa TENEX ulikuwa nayo tayari mwaka 1973: ulihesabu kazi zinazotumia prosesa na zile zinazongoja zamu ya prosesa. Linux nayo ilianza hivyo hivyo. Kisha, Oktoba 1993, mtumiaji mmoja aitwaye Matthias Urlichs akaandika malalamiko mafupi yaliyoambatana na marekebisho. Ukiondoa diski ya haraka inayobeba ziada ya kumbukumbu, ukaweka ya polepole, mzigo unaoonyeshwa unapungua, ilhali mashine inazidi kusuasua. Kazi iliyosimama ikingoja diski ilikuwa haihesabiwi. Kadiri ilivyoteseka, ndivyo ilivyotoweka kwenye daftari. Yeye akataka nayo ihesabiwe. Tangu hapo Linux huihesabu, na sababu yenyewe ikasahaulika kwa miaka mingi, hadi Brendan Gregg, mtaalamu wa utendaji wa kompyuta, alipoifukua mwaka 2017.

Naliona hili kuwa swali la falsafa kabla ya kuwa la ufundi, na Kiswahili kinalisaidia, kwa sababu Kiswahili hakijui mzigo usio na mbebaji. Ukisema mzigo, msikilizaji anatafuta kichwa au bega. Kabla ya 1993 mbebaji alikuwa prosesa. Baada yake mbebaji ni mashine nzima, pamoja na diski zake na foleni zake. Jina halikubadilika, kizio hakikubadilika, mchoro kwenye skrini ni ule ule. Aliyebadilika ni mmiliki. Mimi na mwenzangu tulikuwa tukibishana juu ya neno "wa".

(Hata neno "wastani" hapo linakopwa tu. Mashine iliyokuwa imetulia ikipewa kazi moja isiyopumzika kwa dakika moja kamili, wastani wake wa dakika moja utasoma kama 0.63, wala si 1, kwa kuwa hesabu hiyo haisahau ya zamani kwa mkupuo, huyafifisha polepole.)

Wastani wa kweli nao una lake. Chukua maombi 100: 99 yamejibiwa kwa milisekunde 10, moja kwa sekunde 10. Wastani ni karibu milisekunde 110, na hakuna binadamu hata mmoja aliyengoja milisekunde 110. Tumempima mtu asiyekuwepo. Mtetezi wa wastani atasema huyo mmoja ni mmoja tu. Lakini Jeffrey Dean na Luiz André Barroso, katika makala yao ya 2013, walionyesha kwamba ukurasa ukilazimika kuuliza seva 100 kwa pamoja, na kila seva ikichelewa mara moja katika mia, basi kurasa 63 kati ya 100 zitachelewa. Yule mmoja ni wengi.

Kuna kipimo kinachonisumbua zaidi ya hivyo vyote, nacho ni kile cha uhai. Mwaka 1983 Mike Muuss aliandika programu ndogo, ping, inayoita mashine ya mbali na kungoja mwitiko. Sisi tunayajua hayo tangu utotoni: "Hujambo?" "Sijambo." Hata mgonjwa aliyelazwa wodini hujibu sijambo, kwa sababu jibu lilikubaliwa kabla ya swali. Habari yenyewe huja baada ya "ila": sijambo, ila miguu, nyumbani wazima, ila mtoto halali. Ping haina "ila". Kiini cha mfumo endeshi huitikia salamu bila kugonga mlango wa hifadhidata, ambayo huenda imekufa tangu saa nane za usiku.

Basi waandishi wa programu wakaitungia seva ukurasa wa afya, nayo iulize hifadhidata kabla ya kujibu. Hapo wengine wakapitiliza: hifadhidata moja ikijikwaa, seva zote zinajitangaza wagonjwa kwa pamoja, na kisambaza mzigo kinaziondoa zote, hata zile ambazo zingeweza kuwahudumia watu nusu nusu. Ni kama mtu anayejibu salamu kwa kusimulia maradhi ya ukoo mzima.

Ndani ya programu ya Linux yenyewe, kwenye faili linalokokotoa wastani wa mzigo, wahandisi wameacha maelezo kwa atakayepita: namba hii ni ya kipuuzi, ila watu wanaiona muhimu. Niliyasoma, nikacheka peke yangu, kisha nikafungua dirisha la pili kutazama mzigo umefika ngapi.