Mwanafunzi wa Sheria na Nyumba ya Maskini

Yafaa tufikiri neno hili: je, ni haki mtu aliye bado mwanafunzi kushika shauri la mwenziwe anayetishwa kutolewa nyumbani mwake?

Swali hili si geni kwetu wa Nzuguni. Tangu Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu, mwaka 1973, mji umekuwa ukitujia. Palipokuwa mashamba ya uwele na mtama pamepimwa viwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017, lakini mashauri ya mipaka na fidia hayakuvunjwa pamoja nayo.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka mtu anayeondolewa kwa faida ya wote alipwe fidia kamili, ya haki, tena bila kukawia. Lakini haki iliyoandikwa yamfaa nini asiyejua kuidai, wala hana fedha za wakili? Kwa ajili ya watu kama hao, walimu wa sheria wa Dar es Salaam walianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria mwaka 1967, na wanafunzi wao wakapata kushiriki kazi hiyo.

Wengine husema, "Hao hujifunza kwa hasara ya maskini." Neno hili lina uzito. Mwashi anayejifunza huanza kwa banda la mbuzi. Katika sheria hakuna banda la mbuzi. Rufani kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ina siku 45. Zikipita kwa uzembe, kuomba nyingine ni kazi ngumu.

Hata hivyo, kumwacha mtu peke yake kwa kuwa msaidizi wake si kamili, ni kumtia katika hasara iliyo hakika ili kumwepusha na hasara iliyo ya shaka. Basi msaada huo ni halali, ila kwa masharti. Kwanza, wakili asome kila karatasi kabla haijapelekwa barazani. Pili, mwanafunzi aseme wazi kwamba ni mwanafunzi, mwenye nyumba apate kuchagua. Tatu, muda wake ukiisha, asiondoke kabla ya kumkabidhi mwingine shauri mbele ya mwenyewe.

Na sisi tuna wajibu wetu: tutunze hati na stakabadhi, tukawaandike wazee wanaoijua mipaka wangali hai. Pasipo hayo, hata wakili bingwa atasimama mikono mitupu.