Ngoma ya Bushehr na Deni la Furaha

Liko swali ambalo watu wa pwani hawapendi kuulizana, nalo ni hili: mtu achezaye ngoma iliyoletwa na mtumwa, hali hamjui mtumwa yule wala hamtaji, je, amemdhulumu? Swali hili si la kubuni. Uko mji mmoja wa Uajemi ambao harusi zake huliuliza kila zinapofanywa, nao ni Bushehr, bandari ya kale ya Ghuba.

Fahari ya Bushehr ni bahari. Nader Shah aliufanya kituo cha manowari zake katika miaka ya 1730. Mwaka 1763 kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara na Bara Hindi ilifungua nyumba yake hapo. Na kwa muda mrefu bidhaa za kwenda Shiraz zilipanda milima kutoka bandarini humo kwa misafara ya nyumbu. Katika bidhaa hizo walikuwamo watu. Majahazi yaliwachukua kutoka pwani yetu, wengi wao kwa njia ya Unguja na Maskati. Mwaka 1848 mfalme wa Uajemi alikataza kuingiza watumwa kwa njia ya bahari, walakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1929.

Wafikao Bushehr katika mwezi wa Muharamu husikia kwanza ngoma ziitwazo dammam, zivaliwazo begani na kupigwa pande zote mbili, na matoazi yakizijibu. Juu ya sauti hizo hulia pembe ya mnyama iliyojipinda, ambayo ndugu zake wa Lamu na Pate wangeitambua kuwa baragumu. Hayo ni maombolezo ya Husein. Zikija siku za harusi hutoka neyanban, zumari ya mianzi miwili iliyofungwa katika kiriba cha ngozi ya mbuzi. Mpigaji hukijaza kiriba pumzi, akakibana kwapani, na sauti haikatiki. Zumari hiyo si ya Afrika, bali mwendo wa ngoma unaoifuata, na mabega yanayotetemeka kwa kuufuata, wajuzi wengi wameuona mkono wa Mwafrika ndani yake. Daktari na mwandishi Gholam-Hossein Sa'edi alitoa mwaka 1966 kitabu juu ya watu wa pwani hiyo ya kusini wanaopandwa na pepo wa zari. Wenyeji humwita pepo huyo kwa neno lao la upepo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwendo ule umesafiri sana. Katika karne ya ishirini ulipanda mpaka Tehran, ukaitwa bandari, yaani mambo ya watu wa bandarini. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 muziki wa starehe ulipigwa marufuku, waimbaji wengi wakakimbilia Los Angeles, na huko kinanda cha umeme kikajifunza kulia kama kiriba cha mbuzi. Kanda zilirudi nyumbani kwa siri. Leo harusi ya Kiajemi isiyo na bandari huonekana imepungukiwa, na hata soseji za kukaangwa kwa viazi na pilipili zimepewa jina hilo hilo. (Chakula ni kitamu, sina ugomvi nacho.) Wako waliobaki karibu na chemchemi: Mohsen Sharifian na kikundi chake cha Lian, au Saeid Shanbehzadeh, mzaliwa wa Bushehr wa mwaka 1968, ambaye husema waziwazi kwamba wazee wake walitoka Unguja. Huyo wa pili ndiye adimu. Wengi wa wachezao hawajui kitu, na wengi wa wajuao hawasemi.

Yasemwa kwamba sauti haina mwenyewe. Hoja hii naikubali nusu. Ngoma si shamba hata iwekewe mipaka, na mtumwa aliyeipiga hakuipiga ili wajukuu wa bwana wake wakae kimya. Hoja nyingine ni nzito zaidi: kunyamaza kwaweza kuwa huruma. Mtoto mweusi wa Bushehr akiitwa Mbushehri, basi, bila nyongeza, amepata alichonyimwa babu yake. Nani mimi niende kumkumbusha mnada? Kwa hiyo simlaumu mchezaji, wala mjukuu wa mtumwa anyamazaye. Nalaumu kunyamaza kwa yule ambaye ukimya haumlindi na aibu yoyote, ila wamlindia ukubwa wake.

Na hapa lawama yavuka bahari. Kwetu, tokea Kilwa hadi Unguja, watu wasiohesabika hujiita Washirazi, na habari za kale za Kilwa zasimulia majahazi saba yaliyotoka Shiraz na mfalme wake. Mwaka 2023 wachunguzi wa mifupa ya kale ya pwani yetu walieleza kwamba mababa kutoka Uajemi walikuwako kweli, na kwamba mama zao wa watoto karibu wote walikuwa Waafrika. Tazama basi jinsi kumbukumbu inavyopima: aliyekuja kwetu kutoka upande wa Shiraz akiwa tajiri hutajwa kwa miaka elfu, na aliyekwenda upande huo huo amefungwa hakuachiwa hata jina, ila mwendo wa ngoma. Bahari ilikuwa moja. Nasi hatuwezi kujitia hatumo, kwa maana waliowateremsha pwani na kuwauza walikuwamo watu wa nyumba zetu.

Katika nyumba niliyolelewa, babu yetu Mshirazi alitajwa kila sikukuu, jahazi lake na kilemba chake. Siku moja, nikiwa kijana, nilimwuliza bibi jina la mama yake mama yake. Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Huyo," akasema, "alikuwa mtu wa humu humu ndani."

Nikamwuliza tena, akanituma dukani.