Asiyeonekana Hayupo?

Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanafizikia huunda kigunduzi mara mbili: kimoja cha silikoni na nyaya, kingine ndani ya kompyuta, kwa programu kama Geant4. Ndani ya kompyuta hakuna siri. Kila chembe inajulikana imetoka wapi na imepita wapi. Ndiyo maana mwandishi wa programu hulazimika kuipofusha kwa makusudi. Kama tabaka halisi hunasa chembe 95 kati ya 100, basi kwa kila chembe kompyuta huchagua kwa bahati nasibu namba kati ya 0 na 1. Ikizidi 0.95, alama ya chembe hiyo hufutwa, ingawa ilipita. Asiyefanya hivyo atalinganisha ukamilifu wa kompyuta na upungufu wa chombo, kisha pengo alisingizie maumbile.

Sasa twende Makurunge, Bagamoyo, kwenye ardhi ya RAZABA, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Zanzibar. Ndani na kando yake waliishi wakulima, wachoma mkaa na wafugaji. Ulipokuja mradi wa miwa wa EcoEnergy, katika eneo la zaidi ya hekta 20,000, watu na mali zao wakahesabiwa kwa ajili ya fidia. Mradi ulifutwa mwaka 2016. Swali halikufutwa: ambaye jina lake halimo daftarini, hakuwepo?

Daftari nalo ni kigunduzi. Mwanafizikia angeuliza ufanisi wake ni asilimia ngapi, na asingemuuliza mwenye daftari. Yeye huchukua chembe iliyoonekana na tabaka la juu na la chini, ndipo alichunguze la kati kama nalo liliiona. Kijijini, matabaka hayo ni jirani, kaburi la bibi, mwembe uliokwisha kuzaa.

Tena bahati nasibu haina upendeleo. Hesabu ya watu inao. Anayekosekana si yeyote tu. Ni mfugaji aliyefuata malisho, mke aliyefunikwa na jina la mume, kibarua asiye na shamba. Hata hili fizikia inalijua: sehemu ya kigunduzi iliyokufa huwekwa kwenye ramani, haifichwi ndani ya wastani.

Lakini kuna mahali fizikia inatuacha njiani. Zikinaswa chembe 950 kwa ufanisi wa asilimia 95, mwanafizikia hugawanya, anaandika kuwa zilipita takribani 1,000, na kazi imekwisha. Zile 50 hazidai kitu. Watu 50 hawarudishwi kwa kugawanya, kwa kuwa fidia hailipwi wastani; hulipwa mtu mwenye jina. Kwa chembe, kukiri upofu kunatosha. Kwa watu, anayekiri amejitwika deni: arudi kijijini na daftari likiwa wazi, awatafute mmoja mmoja.