Kosa Ni Kurudia Kosa

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Wengi huitumia methali hii kusamehe mara ya kwanza na kuonya juu ya mara ya pili: mtoto kavunja kikombe, basi yaishe, ila asirudie. Matumizi hayo ni halali, lakini yanaiacha methali nusu. Ipeleke kwa mtu anayetafuta jambo peke yake, asiye na kitabu cha majibu, utaona inazua swali gumu: atajuaje kwamba alilopata ni kosa kabla hajalirudia? Kwa maoni yangu, methali haikatazi kurudia jaribio. Inakataza kurudia kwa ajili ya kulinda jibu ambalo mtu alikuwa nalo tangu mwanzo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa trei, akaingiza yake yangali moto. Kwa utaratibu wao hilo lilikuwa kosa, tena la kuweza kuharibu friji. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amejichanganya. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena somo la kupoa lilipofika, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu.

Kwa anayeisoma methali juujuu, hapa Mpemba ndiye mrudia kosa. Lakini tazama alichobadilisha. Alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, aliachana na maziwa na sukari, akachukua bika mbili za mililita 50, moja ya maji ya bomba, nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Baada ya saa moja maji hayakuwa yameganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bika iliyoanza na moto. Mwenyewe aliona hayo hayatoshi, akapanga kujaribu tena. Huo si ukaidi. Mkaidi hurudia vilevile. Huyu kila aliporudi, swali lake lilikuwa limepungua mambo ya kulitatiza.

Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule, Mpemba alimuuliza mbele ya wenzake, nao wakacheka. Osborne alirudi chuoni kwake akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaripoti kwamba maji yaliyoanza na moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Kipimo chake sicho ninachokilaumu. Kosa ambalo methali inalilenga limo katika hayo aliyoongeza, na linawapata wasomi wengi kuliko wanavyokiri. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo katika jarida la Physics Education.

Atatokea wa kusema huenda Mpemba alikosea kweli. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha majaribio ambayo hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba maji ya moto huwahi kupoa, wakaonyesha kuwa tofauti ya sentimita moja tu katika kimo cha kipimajoto inaweza kuzaa matokeo hayo ya ajabu. Pingamizi ni zito, na silikwepi. Lakini wao hawakumcheka mtu wala kurudia hadi wapate walichokitaka. Waliuliza ni kipi ambacho wengine hawakukidhibiti, wakakipima. Wala hawakumaliza shauri: walipima kupoa hadi nyuzi 0, na kuganda kwenyewe, jambo ambalo ndilo Mpemba aliloulizia, wanafizikia wanaendelea kukubishania.