Hija Isiyo na Orodha



Juni ikikaribia, maongezi ya baada ya Misa hapa Kagondo ni hija ya mashahidi, Namugongo, Uganda: nani anakwenda, basi linatoka saa ngapi, nauli imefika wapi. Wasioweza kuvuka mpaka wa Mutukula watangoja hija ya Nyakijoga. Ni vyema. Ila mahujaji wakirudi swali huwa moja, "Umepata nini?", kana kwamba ndugu katoka gulioni.

Tutazame hija ya wenzetu. Huko Bodh Gaya, India, kuna mti wa ukoo mmoja na mitoma yetu ya lubugo, ile nguo ya magome. Wabudha wanaamini kuwa hapo, chini ya mti uliouzaa huu wa leo, Siddhartha Gautama aliketi akitafakari hadi akapata mwanga. Mahujaji kutoka Sri Lanka, Thailand na Tibet huvua viatu, hulizunguka hekalu lililo hapo wakiliacha upande wa kulia, kisha huketi kimya. Wapo wanaoomba pia, binadamu ni binadamu. Lakini Buddha hakujitangaza kuwa mungu wa kutimiza haja za watu. Wengi wanakwenda kukaa tu pale alipokaa.

Na Wabudha hawako mbali hivyo. Ng'ambo ya ziwa hilihili letu la Viktoria, huko Garuga karibu na Entebbe, mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabudha mwaka 2005. Amesimulia kwamba wapo waliodhani bakuli lake la sadaka ni ngoma. Sisi wenye vyetezo na chupa za maji ya baraka tusicheke sana.

Sisemi dini zote ni sawa. Sisi tuna Baba, na Yesu mwenyewe alitufundisha kumwomba. Lakini Musa hakufika kwenye kile kichaka kilichowaka moto akiwa na ombi. Alikuwa akichunga mifugo. Akaambiwa avue viatu, kisha akapewa kazi ambayo hakuitaka. Karoli Lwanga na wenzake tunaokwenda kuwaheshimu hawakutoka Namugongo na uponyaji wala ajira. Walichomwa moto, tarehe 3 Juni 1886.

Basi mtakaosafiri mwaka huu, Misa ikiisha msikimbilie basi. Tafuteni kivuli, mkae nusu saa bila kuomba chochote. Majina ya wagonjwa wa hospitali yetu, watoto wa mitihani na mashamba yenye mnyauko tuachieni sisi tunaobaki, tutayaombea hapa.