Nani Aanzishe Vitanzi?

Anayefundishwa kufuma sweta mara nyingi hukabidhiwa sindano ambayo tayari ina safu ya kwanza. Mwalimu wake amekwisha kufunga kitanzi cha mwanzo, akafuatisha vingine ubavuni mwake, akavihesabu. Wema huu hatuutilii shaka, maana safu hiyo ndiyo ngumu kuliko zote: haina safu nyingine chini yake ya kuishikilia. Lakini twauliza: je, amwanziaye mwenzake amempa tu, au pia amemwamulia?

Wajuao kazi hii watatujibu upesi. Vitanzi vya mwanzo ndivyo upana wa vazi. Vikikazwa mno, ukingo hautanuki. Na sweta iliyoanzwa shingoni haitapita kichwani, hata kama yaliyofuata yamefumwa kwa ustadi wote. Ndiyo sababu mafundi wengine huanzia sindano nene kuliko ile watakayoendelea nayo. Tena, sweta hufumuliwa kutoka safu ya mwisho kurudi nyuma. Anayetaka kuubadili mwanzo kwa njia hiyo hana budi aiharibu kazi yote iliyo juu yake. (Wasukaji wa ukili nao walijua hili: chane walizoanza nazo ndizo upana wa ukili.)

Sasa tuiangalie Dzaleka, wilayani Dowa, safari ya kilomita 45 hivi kwa atokaye Chilinde, mtaa wa Lilongwe. Zamani za Rais Banda mahali hapo palikuwa gereza. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi, na Kiswahili kikaja na watu wa Kongo, Burundi na Rwanda. Makazi yalikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamezidi 50,000. Mfumaji huweza kuongeza vitanzi njiani, naam, ila ukingo wa chini hubaki na upana wake uleule. Wengine walikwisha kujianzia maisha mijini kwa biashara ndogo ndogo. Mwaka 2023 serikali ikawaamuru warudi kambini. Malawi, nchi isiyo tajiri, imewafungulia mlango watu hawa kwa miaka mingi, na hilo tusilisahau. Hata hivyo, kumrudisha mtu katika mwanzo aliowekewa, baada ya yeye kuanza wake, si jambo la kuitwa hisani bila kusita.

Nasi walimu hatuko mbali na swali hili. Mtoto wa Dzaleka huja darasani na Kiswahili cha Kivu, kilichokwisha kupanda safu nyingi. Mikononi mwetu tuna Kiswahili Sanifu, ambacho nacho kilianzishwa na watu: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa. Msemaji wa Bukavu hakuulizwa.

Wako wasemao mwanafunzi aachwe ajianzie mwenyewe. Hatukubaliani nao, kwani mikono isiyojua fundo la kwanza hukaa bure. Wala hatuwaungi mkono wale wafumuao kila sentensi ya mtoto hadi asibaki na uzi. Mwalimu na aanzishe, ila kwanza aulize ni nani atakayelivaa vazi, kisha auache ukingo ulegee. Mtoto akiandika "batoto", tunaandika "watoto" kando yake, na lile la kwanza hatulifuti.