Epafrodito Alirudishwa Nyumbani

Somo: Wafilipi 2:25–30



Yuko mtu mmoja katika nyaraka za Paulo ambaye hatuhubiriwi sana habari zake. Jina lake Epafrodito. Kanisa la Filipi lilimtuma kwa Paulo aliyekuwa kifungoni, ampelekee mahitaji yake na kumtumikia. Akafika, akatumika, akaugua hata akawa karibu ya kufa. Mungu akamhurumia akapona. Kisha Paulo, ijapokuwa alikuwa na haja naye, akamrudisha kwao, akawaandikia Wafilipi wampokee kwa furaha na kumpa heshima.

Tusipite hapa upesi. Paulo huyu ndiye aliyemwekea mikono baba yake Publio kule kisiwani Melita, naye akapona homa yake na kuhara damu (Matendo 28:8). Lakini Epafrodito aliugua karibu naye hata mauti yakamsogelea. Trofimo naye aliachwa Mileto, hawezi (2 Timotheo 4:20). Wala hatusomi popote kwamba mtume aliwakemea kwa upungufu wa imani, au kwamba aliwaamuru wainuke na kufuatana naye hivyo hivyo.

Nalikumbuka neno hili kwa sababu ya desturi moja iliyo kwetu hapa Samuye, na nadhani iko katika mitaa yenu pia. Tukimzika mtu, msemaji husimama akasema: Marehemu alikuwa hodari, hata alipokuwa na homa hakulala, alikwenda kazini. Na sisi sote twaitikia kwa kichwa. Watoto wetu wamesimama pale wanasikia. Basi wakikua, hujifunza kwamba kulala kitandani kwa ugonjwa ni uvivu, na kukohoa mbele za watu ni ushujaa.

Vijana wetu wengi huenda kutafuta dhahabu, wengine karibu, huko Mwakitolyo, wengine mbali mpaka Nyarugusu na machimbo mengine ya Geita. Mmoja wao alirudi kwa mama yake amekonda, anakohoa. Nilipomwuliza tangu lini, akajibu: Tangu mavuno. Miezi minne, ndugu zangu! Na miezi hiyo yote alikuwa akishuka duarani pamoja na wenzake, na usiku walilala watu wengi katika kibanda kimoja cha maturubai, wamefunga mlango kwa ajili ya baridi na wezi. Nikamwuliza mbona hakwenda kupimwa. Akanicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mgeni. Akaniambia kwamba duarani hapana mshahara wa mwezi. Mwenye duara huwalisha wachimbaji, na siku mawe yakipatikana hugawiwa mifuko kwa mafungu. Asiyekuwapo hana fungu. Aweza kuchimba majuma sita bila kitu, akaugua siku tatu, na katika siku hizo tatu mwamba ukatoa. Sasa nani atalala?

Sikuwa na jibu, nami nakiri mbele yenu kwamba nilikwenda kwake na hotuba niliyokwisha kuitengeneza.

Hata hivyo yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Tarehe 24 Machi mwaka 1882, huko Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu kiletacho kifua kikuu. Kabla ya hapo watu wengi walidhani ni ugonjwa wa ukoo. Na kwetu wako wasemao mpaka leo kwamba ni kurogwa. Kijidudu hicho hutoka kifuani mwa mgonjwa akikohoa, akisema, na hata akiimba. Huelea katika hewa ya chumba kilichofungwa kwa saa nyingi, na mtu mwingine akakivuta. Jua hukiua, na upepo hukitawanya. Tena vumbi la mwamba, lile litokalo mahali pa kupasulia na kwenye karasha linaposaga mawe makavu, hutia makovu ndani ya mapafu yasiyopona, na pafu lenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu upesi kuliko la mtu mwingine. Kwa hiyo kibanda kile cha machimboni kina yote mawili, vumbi na hewa iliyofungwa.

Lakini dawa ipo, nayo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa kawaida ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa za namna nne, na minne inayofuata za namna mbili. Na wengi wao, wakizimeza sawasawa yapata majuma mawili, hawaambukizi tena. Basi mtu aliyekohoa majuma mawili asingoje la tatu, aende akapimwe.

Baada ya kuyasema haya sharti niseme na wale waogopao kupita kiasi, maana tunao. Wako wasiotaka kupeana mkono na mgonjwa, wamtengeao sahani na kikombe, na baadhi yao wameniuliza kwa siri kama ni salama kunywa katika kikombe cha Bwana baada ya fulani. Kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani wala kwa mkono. Ajabu ni kwamba watu hao hao hukaa saa tatu kanisani na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani! Mtu akiogopa, na aogope mahali panapostahili. Kunawa mikono kwa sabuni ni kwema sana. Kunazuia kuhara na kipindupindu, na mafua pia kwa sehemu. Bwana wetu alipowakemea Mafarisayo katika Marko 7 hakuwakataza maji. Aliwakemea kwa kuwa walitakasa vikombe na huku wakiwanyima baba na mama zao msaada. Nasi tukimtengea mgonjwa sahani tusimtilie chakula ndani yake, tumekuwa watu wa sura hiyo.

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kilihamishwa Jena, lakini Martin Luther alikaa, na nyumba yake ikawa kama hospitali, huku mkewe Katharina akiwa mjamzito. Mwaka huo huo aliandika barua iliyopigwa chapa, akimjibu Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo aweza kukimbia. Wengi hukumbuka kwamba Luther hakukimbia. Wachache hukumbuka sehemu nyingine ya barua ile: aliwaonya wale wanaodharau dawa na kujitia katikati ya ugonjwa kwa kiburi, akasema kwamba huko ni kumjaribu Mungu, na mtu ajuaye kwamba anaugua, akaenda kati ya watu bila kujali, alimhesabu kuwa ni mwuaji. Neno zito, lakini ndiyo amri ya tano tuliyowafundisha watoto wa kipaimara.

Mimi nami naliivunja, kwa kadiri nijuavyo. Jumapili moja niliamka na homa na kikohozi. Mke wangu akaniambia: Baba, mwite mzee asome, wewe ulale. Nikakataa. Nikahubiri, nikapeana mikono mlangoni, na mchana nikaenda kwa bibi mmoja mzee aliyekuwa dhaifu, nikamwinamia kitandani nikaomba karibu na uso wake kwa kuwa hakusikia vizuri. Baada ya siku chache bibi akashikwa na kifua, na mwezi ule tukamzika. Sijui kama ni mimi niliyempelekea. Alikuwa mzee, na mafua yalikuwa kila nyumba. Lakini pale kaburini wanawe walinishukuru mbele ya watu, kwamba mchungaji alikuwa mgonjwa naye aliacha kitanda chake akaja kumwona mama yetu. Nilisimama nikasikia shukrani ile, nisiweze kuinua macho.

Tangu siku ile nimeusoma Yakobo 5:14 kwa namna nyingine. Mgonjwa haambiwi awaendee wazee wa kanisa. Aambiwa awaite. Yeye akae, wao ndio watembee.

Sasa nirudi kwa yule kijana na swali lake, nani atalala? Wako watakaomjibu kwa neno la Paulo kwa Wathesalonike (2 Wathesalonike 3:10), lile la kazi na kula. Nimelisikia likisomwa juu ya wagonjwa. Walisome tena. Paulo alimsema mtu asiyetaka kufanya kazi, hakumsema asiyeweza. Na Kiswahili cha wazee, mtu akiugua kilisema tu: Hawezi. Fulani hawezi. Hapakuwa na haja ya kuongeza neno. Lugha yenyewe ilimpa ruhusa ya kulala, bali sisi twaingoja mpaka aanguke.

Lakini ruhusa haijazi chungu. Kumwambia kibarua apumzike bila kumpelekea unga ni maneno matupu, na Yakobo ameshayasema hayo katika sura ya pili. Wazee wetu Wasukuma walikuwa na basumba, vijana wa kijiji waliokwenda kulima pamoja chini ya nsumba ntale wao. Ngoma zao nyingine siwezi kuzisifu katika gazeti hili, ila jembe lao nalisifu. Hapa Samuye baraza la wazee lilikubali kwamba mtu akiwa katika majuma yale ya kwanza ya dawa, vijana wa kwaya watalima shamba lake, na akina mama watatoa debe la mahindi kwa zamu. Kwaya walinung'unika kidogo. Wamelima mara mbili.

Na ninyi waalimu wa mitaa, mkiwa hamwezi, pelekeni habari, mzee asome hotuba kitabuni, ibada haitaharibika. Fungueni madirisha, vumbi liingie. Na mazishini, mkipewa kusema, angalieni mnalolisifu.

Yule kijana yuko katika mwezi wa tano wa dawa. Amenenepa, na Jumapili huketi benchi la mbele pamoja na mama yake. Juzi aliniuliza kama nina habari za Nyarugusu, kama duara lao limetoa mawe. Nikamwambia sijui. Akasema wenzake wanne wa kibanda kile hawajapimwa, naye anaona aibu kuwapigia simu. Tumekubaliana tutawapigia pamoja Jumamosi, baada ya kwaya.